Mama Edani, Kimbunga Njiani

Begi la kukimbilia nilikuwa nalo tayari tangu asubuhi, redio iliposema kimbunga kinaelekea kwetu. Nilitia vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, dawa za mama za presha, tochi, chaja, tende, mikate miwili ya boflo na sabuni. Kilichokosekana ni nguo za mama, na mama mwenyewe.

Alikuwa edani. Baba alifariki mwezi uliopita, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi; hajipambi, hajitii manukato. Nyumba yetu, huku Micheweni, iko karibu na pwani, na bati lake hata upepo wa kawaida hulipigisha kelele. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alishapita akituomba watu wa upande huu tuhamie skuli kabla ya alasiri.

"Miye sendi popote," mama alisema. "Nenda weye."

Nilipandwa na hasira. Nikampigia simu imamu wa msikiti wetu, nikaweka spika.

"Bi mkubwa, hiyo ni dharura," alisema. "Toka, uihifadhi roho yako. Eda utaendelea nayo huko huko."

Mama akamshukuru, akamwombea dua ndefu, kisha akarudi kukaa mkekani.

"Imamu kanipa ruhusa," aliniambia. "Lakini babako n'tamwachaje peke yake?"

Baba alikuwa kaburini mwezi mzima. Sikumwambia hivyo. Niliogopa, tena sana: mzazi mmoja nimeshamzika, na huyu wa pili ananishinda kwa ubishi. Nikalitua begi, nikaketi ubavuni mwake.

"Basi na miye sendi," nikasema, na wallahi nilikuwa nasema kweli.

 Mama akalivuta begi na kuanza kulipekua huku akinikosoa. Tende chache. Boflo zitapondeka. Tochi umeijaribu? Akafika kwenye sabuni, akainusa, akakunja uso.

"Hii inanukia. Mtu wa eda ataogaje na hii?"

Akaiweka kando, akaenda uani kukata kipande cha sabuni ya mche isiyonukia, akakitia begini. Hapo nikajua anakwenda. Nilifurahi mpaka nikacheka, naye akaniuliza nacheka nini na hali ndiyo hii.

Skuli nilimtundikia kanga kwenye kona ya darasa, akakaa nyuma yake na eda yake. Kimbunga chenyewe kilitupitia mbali. Tulipata mvua na upepo wa kutishia tu. Siku ya pili tukarudi, tukaikuta nyumba imesimama na bati lake juu.

Mama akasita mlangoni.

"Hodi," aliita, kama alivyoita miaka yote kila aliporudi kutoka shamba au sokoni, na baba yuko ndani wa kumwitikia.

Akangoja. Nilikuwa nyuma yake, begi mgongoni.

"Karibu, mama," nikaitikia.

Akaingia.