Miaka ya Lalla Rkia

Mimi si mtu wa subira, na wanaonijua hapa mjini Khenifra, chini ya milima, watakuambia hivyo kabla hujauliza. Kwa miaka sita nimefundisha kompyuta katika kituo cha akina mama nyuma ya soko la sufu, na katika miaka hiyo nimegombana na mashine, nimegombana na panya wanaotafuna nyaya, nimegombana na wanawake wanaokuja na ufumaji wao darasani. Lalla Rkia, Lalla likiwa neno letu la kumwita mama kwa heshima, nilimkosea mara mbili. Mara ya kwanza alinisamehe siku ile ile. Ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Somo la kwanza silibadilishi kamwe. Mwanafunzi anaiandikia kompyuta mistari minne: uliza jina, uliza mwaka wa kuzaliwa, toa mwaka huo katika mwaka huu, sema umri. Basi. Mtu ambaye hajawahi kugusa kitufe anaona mashine inamwita kwa jina na kumwambia miaka yake. Nimeona wanawake wazima wakipiga vigelegele kwa ajili ya mistari ile.

Siku hiyo, Septemba 2019, kila mmoja alikuwa amemaliza isipokuwa mama mmoja wa kiti cha nyuma. Mistari yake ilikuwa sahihi yote. Mashine ilikuwa imeshamwuliza jina, nayo inangoja, na yeye ameweka mikono mapajani. Alikuwa mfumaji mazulia, mjane, mwenye mgongo ulionyooka kama wa msichana. Orodha yangu ilisema Rkia, amezaliwa 1957.

"Lalla Rkia, vipi? Mashine imekwama?"

"Haijakwama, ustadh. Mimi ndiye niliyekwama."

Batoul, muuza maziwa mgando, ambaye kinywa chake hakina mlango, akageuka. "Anaficha miaka huyo! Andika ishirini na tano, mama, sisi tutakutunzia siri. Labda atatokea mchumba!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi, badala ya kunyamaza, nikaongeza langu. "Andika chochote basi, mama! Hii ni mashine, si kadhi. Haitakuapisha."

Hakuandika. Alingoja wenzake watoke, akafunga shali yake, akaja mezani kwangu.

"Sikufanya kiburi, ustadh. Umeniambia niandike jina langu na mwaka wangu. Vile nilivyo navyo si vyangu, ni vya dada yangu."

Wazee wetu wa milimani walikuwa na desturi hiyo, na hakuna aliyeiona kuwa dhambi. Ofisi ya kuandikisha watoto ilikuwa safari ya siku mbili kwa nyumbu. Mtoto akifa, karatasi yake haikurudishwa. Anayefuata, akiwa wa jinsia ile ile, anapewa. Rkia wa kwanza alizaliwa 1957 na akaandikwa. Kisha akazaliwa huyu, akachinjiwa kondoo siku ya saba na kupewa jina lake mwenyewe, lakini barabara ilikuwa na theluji na baba akasema tutamwandikisha majira ya joto. Kabla ya majira ya joto surua ikaingia nyumbani ikamchukua mkubwa. Baba akatazama karatasi, akatazama kitoto kilichobaki. Akasema msichana ni msichana, kuanzia leo huyu ndiye Rkia. Jina la zamani akakataza lisitamkwe, lisije likamchanganya mtoto wala serikali.

"Mama aliniambia jambo moja tu, nami nimeshakuwa na watoto wangu," alisema. "Alisema kaburini lilikwenda jina lako, duniani likabaki lake. Nikamwuliza ni lipi hilo jina. Akasema amemwapia baba yangu, hawezi kulitoa. Baba kafa miaka thelathini sasa, na mama bado hajalitoa."

"Na mwaka?"

"Wala mwaka. Mama yu hai, ustadh. Ana zaidi ya tisini, yuko huko juu kwa mdogo wangu Moha. Akili inakuja na kwenda, lakini ya zamani anayakumbuka kuliko ya jana. Akiondoka huyo, hakuna mwingine duniani anayejua mimi ni nani. Sitaki kufa na vitu vya watu."

Niliona haya, nikamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa sijui kumfariji mtu kwa njia nyingine, nikavuta kiti, nikamwonyesha namna ya kutengeneza visanduku. Katika kazi yetu hesabu inaweza kuandikwa kabla ya namba kupatikana. Unakipa kisanduku jina lake, unaiambia mashine iulize cha kuweka ndani siku ya kuendesha programu, na hesabu inakaa tayari inangoja. Alielewa haraka kuliko vijana wa chuo.

"Ni kama nafasi ya fundo kwenye zulia," alisema. "Uzi bado sijaununua, lakini fundo najua litakaa wapi."

Tukaandika pamoja. Kisanduku cha mwaka wa dada, 1957. Kisanduku cha miaka ya dada alipofariki, kitupu. Jumlisha. Huo ndio mwaka wake yeye, au karibu nao sana, maana mkubwa alipokufa mdogo alikuwa bado hajatambaa. Juu kabisa kikabaki kile cha jina.

Oktoba alipanda mlimani, akakaa siku nne akimwogesha mama yake na kumsugua miguu kwa mafuta. Alirudi na namba moja. Mama alikuwa amemtazama mjukuu akicheza na sufu, akasema bila kuulizwa: Rkia wangu aliondoka na miaka minne, tayari alikuwa ameanza kusokota.

Alikaa kwenye kiti chake, akaiendesha programu mbele yetu sote. Kisanduku cha jina akakiruka, akaandika 1957. Akaandika 4. Mashine ikajibu 19574.

"Yarabi!" Batoul akapiga kofi. "Bado hujazaliwa, mama! Tungoje sana!"

Lalla Rkia mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho. Hilo ni kosa la kila anayeanza: usipoiambia kompyuta kwamba ulichoandika ni namba, inakichukua kama maandishi na kuyabandika ubavuni. Akarekebisha bila msaada wangu, akaendesha tena. 1961. Umri, miaka 58.

Wenzake walimpongeza kama aliyejifungua. Batoul aliapa kwamba hata kwa sura alijua ni hamsini na nane, sitini na mbili ni matusi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, ndiyo maana niliona alichofanya baadaye, wengine walipokuwa wamerudi kwenye mashine zao. Alifungua ukurasa mpya. Akaandika hesabu nyingine, fupi, ya visanduku viwili. Mwaka wa kuolewa, 1974. Mwaka wa kuzaliwa, 1961. Toa.

Mashine ikaandika 13.

Alikaa akiitazama. Karatasi iliyopelekwa kwa kadhi mwaka ule ilisema miaka kumi na saba.

"Nilikuwa bado nacheza na mwanasesere wa mwanzi," alisema bila kugeuka. "Nilijiona mpumbavu. Mama mkwe alikuwa akisema, jitu zima la miaka kumi na saba linalilia mwanasesere. Nikaona kweli, nina kasoro. Miaka yote hii, ustadh, nilidhani nina kasoro."

Alifuta ile hesabu ya pili, mstari kwa mstari, akabakiza ya kwanza.

"Sasa limebaki jina tu," alisema.

Tangu siku hiyo alibadilika. Alianza kuwafundisha wenzake, akawatungia mazoezi yake mwenyewe: ingiza upana wa zulia, ingiza mafundo ya kiganja kimoja, mashine ikupe mafundo ya safu nzima. Nilianza kumsifu kila nilipokwenda, mkahawani, msikitini, kwa shemeji zangu. Nitasema wazi: nilimpenda kama mama yangu, na pia nilimwona kama kombe nililoshinda.

Desemba tukapata barua kwamba mkaguzi wa wilaya atakuja Alhamisi kuamua kama kituo kitapewa mashine mpya au kitafungwa. Jumanne asubuhi Moha akapiga simu. Simu yake hushika mtandao akipanda darini tu, kwa hiyo alisema kwa kifupi: mama ameamka na akili zake zote, anazungumza ya zamani kama anayesoma kitabu, njoo. Kumpa mama simu haikuwezekana. Alikuwa haamini sauti isiyo na uso.

Lalla Rkia alikuja kuniaga akiwa ameshafunga furushi lake la nguo.

"Ustadh, gari la kwenda juu linaondoka saa sita."

Nikamwambia, Lalla, mkaguzi. Nikamwambia kina Batoul wakisimama mbele ya mkaguzi watasahau hata majina yao, wewe ndiye nguzo yetu. Akasema anajua, lakini mama. Na hapo nikasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa nanyoa ndevu.

"Siku mbili tu, Lalla Rkia. Kaishi miaka tisini, atashindwaje na siku mbili? Ijumaa asubuhi nakupeleka mwenyewe kwa gari langu."

Alilitazama furushi lake. Wanawake wa rika lake hawajui kumkatalia mwalimu, hata mwalimu aliye sawa na mwanawe. Akaliweka chini ya meza.

Alhamisi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha Lalla Rkia, akaandika jina lake na mwaka wake, mashine ikamwambia ana miaka arobaini na moja, akacheka kama mtoto. Akauliza nani ametengeneza hii ya mazulia. Alipokuwa akinywa chai na kuahidi mashine ishirini, theluji ilianza. Niliiona dirishani na nikajiambia itakatika.

Haikukatika. Barabara ya mlimani ilifungwa siku tisa, na simu ya Moha ikawa haishiki hata darini. Lalla Rkia alikuja kituoni kila asubuhi, akakaa karibu na hita, hakufuma wala hakufungua mashine. Hakunilaumu hata kwa jicho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini lililoumia halikuwa tumbo langu. Batoul alimletea maziwa ya moto, akamshikilia bilauri mpaka anywe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha hata mmoja.

Siku ya kumi tingatinga lilipofungua njia, nilimpeleka. Tulipofika kwenye mierezi ya kwanza tukamwona Moha amesimama kando ya barabara, kofia ya vazi lake imevutwa usoni, na kabla sijazima gari Lalla Rkia alikuwa ameshajua. Mama yake alikuwa amefariki Jumamosi ya kwanza ya theluji. Walimzika Jumapili, wakichimba theluji kwanza ndipo wafike kwenye udongo.

Aliomba apelekwe kaburini peke yake. Aliporudi tuliketishwa ndani, karibu na jiko la kuni, na Izza, mke wa Moha, akamimina chai. Izza ni mwanamke mwema. Alimwuguza mkwewe kwa mikono yake miaka saba, na yote aliyoyasema aliyasema kwa nia ya kuliwaza.

"Hakuteseka, dada. Siku ya Alhamisi akili yake ilikuwa safi kabisa. Aliomba maji akatawadha mwenyewe. Akaomba uji, akala. Halafu ndipo akaanza kuita."

"Aliniita?"

"Hapana, dada, nisikudanganye. Hakukutaja." Izza alimgusa goti. "Alikuwa anamwita mtoto mwingine. Jina la kike. Alisema mleteni hapa nimwone, nimemwonea yule mtoto, mleteni. Asubuhi nzima. Sisi hatumjui, tukadhani ni homa."

Lalla Rkia aliweka bilauri yake chini taratibu, kama aliyeogopa isipige kelele.

"Jina gani?"

Izza alimgeukia mumewe. Moha alikuwa anatazama mkeka.

"Wallahi sikulishika, dada. Lilikuwa la kizamani, la watu wa kale, hakuna anayeitwa hivyo siku hizi. Laiti ningejua kwamba..."

"Lilianzaje? Mwanzo wake tu, Izza."

Izza alijaribu. Niliona midomo yake ikitafuta, ikajifunga, ikatafuta tena. Kisha akaanza kulia, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Tulimwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo," alisema. "Tulimwambia mara nyingi, dada, ili atulie. Mwisho akatulia."