Mshika Fimbo Aliyefungua Mdomo

Babu yangu Ellsworth Tarpley alikuwa mshika fimbo. Fimbo gani? Tulieni, nakuja. Kwenye futiboli yetu, hii ya helmeti na kugongana, timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Zile yadi kumi zinapimwa kwa mnyororo wenye fimbo huku na huku, na mwenye fimbo anasimama pembeni mwa uwanja, karibu na wachezaji mpaka jasho lao linamrukia. Babu alishika fimbo ya mbele kwenye uwanja wa Brannock, Ohio, misimu thelathini na moja. Malipo yake mkate wa soseji na kahawa.

Sheria ya watu wa mnyororo ni moja tu, hawana timu. Hawashangilii, hawazomei, hawaongei na mchezaji. Babu aliipenda hiyo sheria mpaka akawa anatembea nayo mtaani. Ukimuuliza beki gani mkali, anakohoa, anaangalia saa. Bibi Vernell alikuwa anasema ameolewa na nguzo ya umeme.

Ila mimi namwelewa. Kiwanda cha chuma kilifungwa babu akiwa na miaka thelathini na sita. Akaendesha basi la shule, akalinda duka la magodoro, akafagia kanisa, kila kazi ikija inaondoka. Fimbo haikuondoka. Mjini kwetu hakuna anayesema Tarpley wa kiwandani. Ni Tarpley wa fimbo.

Sasa msimu huo timu ikaleta beki wa kona mpya, Tavion Scruggs, miaka ishirini na mbili, ndiyo kwanza anaanza. Beki wa kona ni yule anayeachwa peke yake na mdakaji wa wapinzani, yule anayerushiwa mpira, akipitwa tu uwanja mzima umeona. Na Brannock ni mji wa mabeki. Kwa kinyozi wetu, Leotis Broadnax, ukuta mzima ni picha zao. Yupo Stan Hrabovsky mwenye vidole vilivyopinda, yupo Otis Gaffney, na katikati, kwenye fremu kubwa kuliko ya mama yake Leotis, yupo Roscoe Dembry. Kila beki akija anapimwa kwa Dembry. Wengine walihama mji kwa ajili hiyo tu.

Jumanne moja babu yuko kwenye kiti anakatwa nywele, wazee wanabishana juu ya kichwa chake.

"Huyu Scruggs ni Dembry amerudi," akasema mmoja.

"Usimtaje huyo mtoto sentensi moja na Dembry," Leotis akasema, mashine inanguruma mkononi. "Dembry alikuwa anakula wadakaji na mifupa."

"We Dembry alikuwa anakunyoa bure au nini?"

"Tarpley, wewe umewaona wote kwa hatua mbili. Sema neno moja tu kabla hujafa."

Wakacheka. Wanajua hasemi. Babu akakohoa, akaangalia saa. Halafu, mpaka leo sijui ni nini kilimpata, akasema:

"Dogo ana miguu kumshinda Dembry. Ila hageuzi kichwa. Mpira ukiwa hewani anamwangalia mtu. Dembry alikuwa anageuka anautafuta mpira."

Leotis akazima mashine. Jamaa mmoja kwenye benchi alikuwa anarekodi. Mpaka jioni klipu ilikuwa kwenye kila simu ya bonde letu zima, imewekewa muziki, imewekewa babu ana taji kichwani. Mimi nilicheka mpaka simu ya babu ikalia.

Alikuwa Walt Kosko, mkubwa wa watu wa mnyororo. Babu akasikiliza amesimama. Alipokata, bibi akamuuliza wamesemaje.

"Ligi imeona. Nikisikika tena nasema na mchezaji, au kuhusu mchezaji, narudisha kizibao cha kazi."

"Basi funga mdomo," bibi akasema. "Si ndiyo kazi unayoiweza."

Jumamosi tukacheza na Pike Hollow, mechi ya mwisho ya msimu, anayeshinda anaenda mtoano. Baridi ile ya Novemba inayokula masikio. Mimi niko jukwaani safu ya tatu, nyuma kabisa ya babu, nasikia karibu kila kitu. Pike Hollow walikuwa na mdakaji mrefu kama ngazi, na walikuwa wameiona klipu, maana kila wakipata nafasi wanarusha upande wa Scruggs.

Mpira wa kwanza tu, Scruggs akamfuata mtu wake mpaka mwisho wa uwanja, macho kifuani kwake, mpira ukashuka nyuma ya helmeti yake kama ndege anatua. Ngazi ikaudaka, pointi sita. Jukwaa likaanza.

"Dembry angelala usingizi na bado angeukata huo."

"Mrudisheni kwao na sanduku lake."

Scruggs akarudi kupita mbele ya babu, anahema. "Umefurahi, mzee?"

Babu akaangalia mnyororo.

"Mji mzima unaniambia geuza kichwa. Nigeuze lini? We ndiye umeona. Niambie lini tu."

Babu akahamisha fimbo mkono wa pili. Walt alikuwa anamtazama kutoka fimbo ya pili. Scruggs akatema chini, akaondoka. Nilimhurumia, halafu nikamhurumia babu zaidi, kwa sababu yeye jibu alikuwa nalo na lilikuwa linamchoma ulimi.

Kuelekea mwisho tukawa tunaongoza kumi na saba kwa kumi na nne. Zimebaki sekunde kumi na nane, Pike Hollow wako yadi ishirini na tano kutoka mstari wetu wa mwisho, jaribio la tatu. Wote tumesimama. Kila mtu anajua mpira unaenda wapi.

Ngazi ikakimbia pembeni, upande wa babu. Scruggs naye bega kwa bega, hapitwi, miguu ileile. Mpira ukapanda. Scruggs anamwangalia mtu. Mpira umefika juu, unaanza kushuka, Scruggs bado anamwangalia mtu, na hapo ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia uwanjani maisha yangu yote.

"Kichwa!"

Scruggs akageuka. Akaupiga mpira kwa kiganja, ukaanguka kwenye majani.

Jukwaa likalipuka, ila kule pembeni refa alikuwa ameshainua mkono. Kocha wa Pike Hollow amekuwa mwekundu, anaonyesha upande wetu. Refa akaja mpaka kwenye mnyororo.

"Nimesikia mtu wa huku," akasema. "Sikuona ni nani. Nani?"

Walt akaangalia viatu vyake. Kijana aliyeshika namba ya majaribio akaangalia viatu vya Walt.

"Kelele ni nyingi," Walt akasema polepole. "Inawezekana ni jukwaani."

Refa akasubiri. Alikuwa anataka kukubali, nakwambia ukweli, alikuwa ameshaanza kugeuka.

"Ni mimi," babu akasema.

"Ells," Walt akamwambia kwa chini, "nyamaza."

"Nimenyamaza miaka thelathini na moja. Ni mimi."

Akampa Walt fimbo. Akavua kizibao hapohapo, kwenye baridi ile, akakikunja mara mbili. Refa akasema mchezo unabaki ulivyo, jaribio la nne. Babu akatembea kuelekea kwenye njia ya chini ya jukwaa, na watu, watu hawa hawa waliokuwa wanazomea, wakamfuata kwa macho. Mimi nikaruka safu mbili nikamfuata.

Kwa hiyo jaribio la nne hatukuliona. Tulisimama gizani chini ya mbao, tunasikia miguu ya watu juu yetu. Filimbi. Kelele zikapanda, zikapanda, halafu zikakatika. Halafu kwa mbali, upande wa pili, watu wachache sana wakaanza kuimba. Pike Hollow walikuja na mabasi mawili tu.

Ishirini kwa kumi na saba. Msimu umekwisha.

Wachezaji wakapita pale tuliposimama. Scruggs akawa wa mwisho, helmeti mkononi. Akasimama.

"Niligeuza, mzee. Niliuona mpira wote. Niliugusa kabisa. Ila jamaa ana mikono mirefu."

"Uligeuza mapema au ulichelewa?"

"Sijui."

"Mwakani utajua," babu akasema.

Scruggs akamwangalia babu hana kizibao, akaelewa, akataka kusema kitu. Babu akampiga begani akamwambia akaoge.

Jumanne Walt akaja kuchukua kizibao. Bibi alikuwa amekipiga pasi. Walt alikaa mezani akala vipande vitatu vya pai ya maboga, akaondoka. Babu akasimama dirishani mpaka gari likapotea. Nikafikiri basi, atazeeka sasa hivi mbele yangu.

Akavaa koti akaenda kunyolewa ndevu.

Nilimfuata, nisingekosa kwa lolote. Leotis akamfunga kitambaa, akaanza shavu la kulia, na babu akafungua mdomo. Hakuufunga. Akasema Hrabovsky alikuwa anashika watu jezi, nusu ya sifa zake ni refa kutoona. Akasema Gaffney alikuwa mzuri mpaka saa ya mvua. Wazee wakasogeza viti. Halafu akafika kwa Dembry.

"Mwaka wake wa kwanza alipitwa mara saba. Saba. Mwaka uleule mimi nimeanza fimbo. Mechi ya nne alilia nyuma ya pipa la maji."

Wembe ukasimama hewani. "Dembry hakulia," Leotis akasema.

"Alifuta kamasi kwenye mkono wa koti langu."

"Tarpley, futa maneno yako."

"Na watu walimzomea. Wewe ulikuwepo, Leotis. Wewe ulimrushia kikombe."

Benchi zima likageuka kumwangalia Leotis. Leotis akaweka wembe mezani, akasema hamalizi kunyoa mpaka babu afute.

Babu akarudi nyumbani na ndevu upande mmoja. Bibi akamtazama mlangoni.

"Na huku kwingine?"

"Kesho," babu akasema, anavua koti. "Bado sijamwambia habari za Scruggs."