Baiskeli ya Baba Mkwe

Orodha ya mahari ilikuja imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na sikuona shida mpaka mwisho. Mbuzi, sawa. Blanketi za mama mkwe, sawa. Tangi la maji, haya basi. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa baba mkwe mwenyewe: baiskeli moja nyeusi. Akataja na kampuni, ile yenye nembo ya shaba mbele, chini ya usukani. Bila hiyo, wazee wake walituambia, hatujaanza kuongea.

Nilicheka. Ala, baiskeli tu! Nilikuwa na haraka ya kuoa, na haraka imenitesa maisha yangu yote.

Nikaenda dukani Karatina. Muuzaji aliipenda hiyo kampuni utadhani ni ya mjomba wake, akanipa historia yote nikiwa nimesimama. Zamani, alisema, walitengeneza aina moja tu, nyeusi, ya chuma kizito, na ndiyo iliyobeba maziwa na kahawa ya mlima huu mzima. Siku hizi wana ya milimani yenye gia ishirini na moja, ya akina mama yenye kikapu, ya watoto yenye magurudumu manne, hata ya betri, ambayo mtu anakaa tu kama mgonjwa.

"Na nyeusi je?"

"Hiyo waliacha kuleta. Nani siku hizi anataka kusukuma chuma?"

Nikachukua ya milimani, nyekundu. Nembo ni ileile, nikajiona mjanja sana.

Siku ya mahari, kwao Giakanja, baba mkwe aliizunguka mara mbili mbele ya wageni wote. Akafinya kiti, akapapasa nyuma yake, mahali pa chuma cha kubebea mizigo.

"Hii iko na keria wapi?"

"Baba, haina, lakini iko na gia ishirini na moja."

"Gia itabeba nani?"

Akina mama waliangua kicheko. Mchumba wangu, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, alinitupia jicho ambalo sijalisahau hadi leo. Tukalishwa vizuri, kisha tukaambiwa turudi tukiwa tayari. Jamani, aibu niliyoiona siku hiyo!

Nilitafuta wiki tatu, nikiwalaani wazee wote wa Giakanja. Mwishowe niliipata nyumbani kwetu Kerugoya, nyuma ya kisiagi cha mahindi, kuku wamelala juu yake. Mwenye kisiagi alikubali tubadilishane na ile nyekundu, akaniona mjinga wa mwisho. Nikatoa kutu kwa msasa, nikatia tairi mpya, nikaisugua nembo kwa majivu mpaka ikang'aa.

Tuliporudi Giakanja, mzee aliizunguka tena. Alishika keria kwa mikono miwili akaitingisha. Akapiga kengele mara moja. Kisha akamwita binti yake kutoka jikoni.

"Panda."

Binti wa watu, na gauni lake jipya, akapanda, akazunguka boma mara tatu bila kuyumba. Mimi sikujua hata kama anajua kuendesha. Kumbe babake alimfundisha kwa baiskeli kama hiyo angali mdogo, anapitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hakifikiki.

"Sasa sikiza, kijana," mzee akaniambia. "Hii si yangu. Mimi magoti imeisha. Ni ya huyu. Siku mtakosana, sitaki angoje mtu wa kumleta. Aweke sanduku kwa keria, akuje kwetu. Hiyo yako nyekundu ingebeba sanduku wapi?"

Watu walicheka tena. Mimi sikucheka. Uchungu uliniingia, maana nilielewa kwamba alikuwa akimwachilia mtoto wake kwa mtu asiyemjua.

Huu ni mwaka wetu wa nane. Baiskeli inakaa nje ya mlango wa jikoni, na mke wangu hajawahi kuipanda kwenda kwao. Lakini tukikosana, anatoka, anachukua pampu, anaanza kujaza upepo gurudumu la nyuma. Nikiisikia hiyo pampu, naomba msamaha hata kabla sijajua kosa langu ni gani.