Seva ya Likombe ililalamika, hakuna aliyeisoma

Kabla foleni ya mapokezi haijafika mlangoni, Zulmira Raimundo amekwisha kugombana na watu wawili. Wa kwanza amechomoa waya wa seva ili achaji simu. Wa pili amekuja kumwambia mtandao unasumbua.

"Mtandao upi?" anauliza, huku amepiga magoti chini ya meza na mimba yake ya miezi minane. "Seva hii hapa, naishika kwa mkono. Mtandao unaingiaje?"

Zulmira ndiye mtunza kanzidata wa kituo kimoja cha afya cha binafsi huko Likombe, Mtwara. Kila mgonjwa anayefika, awe wa Shangani au wa Nanyamba, taarifa zake zinakaa kwenye kompyuta hii. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kufungua faili la hitilafu, yaani mahali seva inapoandika kila kinachoisumbua.

Faili hilo ndilo lililomtoa machozi mwaka huu.

Kituo kilipata mganga mfawidhi mpya, Dakta Godfrey. Kama ilivyo desturi ya maofisi yetu, bosi mpya hakai kwenye sura ya zamani. Mapazia yakabadilishwa, vibao vya milango vikabadilishwa, na kompyuta nazo zikaagizwa zipewe majina ya kupendeza. Seva iliyokuwa ikiitwa Mapokezi ikawa Tumaini.

"Niliibadilisha mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu," anasema. "Nikaiwasha upya, ikawaka vizuri, nikaenda zangu kula."

Ambacho hakukumbuka ni kwamba fundi aliyeifunga zamani hakuiambia seva pa kuandikia hitilafu. Isipoambiwa, seva ya aina ile hufungua faili lenye jina la kompyuta yenyewe. Jina lilipobadilika, ikafungua faili jingine ikaendelea kulalamika humo. Zulmira akaendelea kusoma lile la zamani.

"Nilikuwa naona hakuna jipya, nafunga, nakunywa chai. Hata tarehe sikutazama! Watu wakiniuliza, najibu mtambo hauna neno. Najisikia vibaya mpaka leo."

Kumbe diski ilikuwa inakufa. Nakala za akiba nazo zilikuwa zinagoma kuandikwa. Yote hayo seva iliyasema, tena kwa kurudia rudia, kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua.

Seva ikazimika siku ya kliniki ya kisukari. Zulmira akahangaika akarudisha nakala ya mwisho iliyokuwa nzima, nayo ilikuwa ya kabla ya seva kupewa jina jipya. Wauguzi wakashukuru, foleni ikasogea. Akakaa Bibi Sabra, mkulima wa korosho kutoka Nanyamba, na muuguzi akavuta sindano ya insulini kwa kipimo alichokiona kwenye skrini.

Bibi akaurudisha mkono wake ndani ya kanga.

"Mie hiyo sichomwi," akasema. "Dozi hiyo ndo ilonitia kizunguzungu nikaanguka shambani. Mkanipunguzia nyinyi wenyewe. Leo mshasahau?"

Zulmira alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Kliniki ikasimamishwa, na kila mgonjwa akaulizwa upya, mmoja mmoja, dawa anayotumia.

Dawa ya tatizo lenyewe ilikuwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Sasa seva inajua iandike wapi: kwenye diski nyingine, katika faili lenye jina lisilofuata la kompyuta. Diski iliyokufa imebadilishwa pia, baada ya Zulmira kuomba mpaka akaonekana mkorofi.

Ungedhani mambo yameisha. Wapi! Dakta Godfrey alipoona faili limejaa maandishi, akamwita.

"Zulmira, mbona siku hizi makosa yamezidi? Zamani hayakuwapo."

"Yalikuwapo, daktari. Hatukuwa tunayasoma."

"Basi yafute kidogo, wageni wanakuja Alhamisi."

Hakuyafuta. "Nilimwambia daktari, ukifuta homa kwenye cheti, mgonjwa hajapona," anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. Daktari alinuna, kisha akakubali.

Wiki ijayo Zulmira anakwenda kujifungulia nyumbani kwao, kijiji kilicho jirani na Mto Ruvuma. Faili anamwachia muuguzi mkuu, Sista Magreth, ambaye sasa hulifungua kila asubuhi akiwa ameshika shavu.

"Zulmira mdogo wangu, limeandika tena maneno mengi. Nifunge tu?"

"Usifunge, dada! Angalia tarehe kwanza. Ni ya leo?"

"Ya leo."

"Haya, nisomee."

Mipango yake si mikubwa. Akirudi kazini anataka kila kituo kidogo wanachoshirikiana nacho kiwe na mtu wa kusoma faili kama hilo. Kwa sasa ana ombi moja tu, na amemwapisha Magreth juu yake.

"Hata nikiwa leba, nipigie. Nitapiga kelele, nitakutukana, wewe nisomee tu. Asinipigie mtu kuniambia kumetulia."