Rupia Iliyokuwa Chini ya Nyumba

Watu wa mjengo ukiwapa siri umeitangaza. Kabla Kiragu hajazikwa, Uthiru nzima ilikuwa imeshajua kilichomuua: sarafu ya Mhindi. Na kwa kuwa sarafu yenyewe ilikuwa kwenye kidole cha mkewe, Mwelu, na Mwelu ni Mkamba, kabila linalosingiziwa uchawi, hadithi ikajimalizia yenyewe. Mkamba akivaa kitu usichokijua, nani tena ana haja ya kuuliza? Ujinga mtupu, lakini ujinga wa watu wengi hauna wa kuukanya.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kiragu alikuwa akichimba msingi kule Lavington, palipobomolewa nyumba ya zamani ili pajengwe fleti. Mwelu ndiye aliyekuwa akiwapikia githeri, mahindi na maharagwe, wachimbaji wa hapo. Siku moja sururu ya Kiragu ikagonga chungu kidogo cha shaba. Ndani mlikuwa na popoo iliyokauka, nyoka wa fedha mdogo kama njiti ya kiberiti, na sarafu iliyopiga weusi. Kontrakta akachukua chungu na nyoka wake. Sarafu akamwachia Kiragu, akamwambia hiyo hata sigara moja hainunui.

Kiragu akaipeleka River Road kwa fundi wa pete. Ikatobolewa katikati, ikapigwa nyundo taratibu, ikawa pete. Alikuwa ameishi na Mwelu mpaka mtoto wao Kui akaanza chekechea, na pete hawajawahi kuwa nayo. Alimvisha jikoni, mikono ya Mwelu imejaa unga wa chapati.

"Fundi amesema ilikuwa na kichwa cha mfalme," alimwambia. "Sasa umeolewa na mkubwa."

Mwelu alicheka, akamuuliza huyo mkubwa atanawa lini ale. Kiragu alinawa, na wakati wa kula akasema shimo sasa limempita kichwa, na kontrakta bado anasema mbao za kuzuia kuta zitakuja, eti udongo mwekundu hujishikilia wenyewe.

Haukujishikilia. Wiki hiyo hiyo ukuta wa shimo ukamwangukia. Mwelu alikuwa pale pale, mwiko mkononi. Walimfukua kwa sepetu na kwa kucha, na walipomtoa, kinywa chake kilikuwa kimejaa udongo. Hilo Mwelu hakumsimulia mtu yeyote.

Kontrakta alikuja mazishini na jeneza zuri, na pasta wake, na maneno mengi. Alisimama mbele ya watu akasema mahali pale palikuwa pamezikwa uchawi, kwamba nyoka amemwona kwa macho yake mawili, na hakuna binadamu wa kulaumiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine wakageuka kukitazama kidole cha Mwelu, naye akauficha mkono ndani ya leso.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Nyakio, mamake Kiragu, mwenye ploti ya vyumba walimokuwa wakiishi, akamwita uani.

"Mama Kui, sikufukuzi," alisema. "Lakini hicho kitu hakilali kwangu. Na mtoto hakai nacho. Nenda ujue ni nini, ndipo urudi umchukue."

"Nikikivua, mama?"

"Sijasema uvue. Nimesema ujue."

Basi Mwelu akaenda kukaa kwa rafiki yake huko Kangemi, bila Kui. Usingizi ulimpaa. Kila alipopishana na mtoto wa sare barabarani aliangalia pembeni.

Obuya, askari wa geti la jirani kule Lavington, ndiye aliyemwelekeza alikohamia Mhindi mwenye nyumba ile iliyobomolewa: fleti moja Westlands, nyuma ya maofisi. Akamkuta Mzee Kailash amevaa sweta na jua lote lile, peke yake na redio. Mwelu akamweleza kila kitu, kisha akavua pete na kumpa. Mzee akaigeuza polepole. Maandishi ya ukingoni yalikuwa bado yanasomeka.

"Rupia," alisema. "Ya India. Hata hapa ndiyo ilikuwa pesa, kabla shilingi haijaja. Babu yangu alikuja nayo. Baba akaiweka chini ya nyumba siku ya kuanza kujenga."

"Ni ya uchawi?" Mwelu hakuwa na nguvu ya kuzungusha maneno.

"Ni ya kuomba ruhusa. Sisi tunasema iko nyoka huko chini, amebeba dunia. Ukitaka kukata ardhi, kwanza unamwomba, ili watu wa kazi wasiumie."

Mwelu akaitazama pete kiganjani mwa mzee. Kumbe ilikuwa baraka, na aliyeing'oa ni mumewe. Afadhali ingekuwa uchawi, kwa sababu uchawi ungekuwa wa mtu mwingine.

"Tuliitoa bila kuomba," alisema, akaanza kulia.

Mzee alimwacha alie. Kisha akamrudishia pete.

"Mama, baba yangu aliweka rupia asubuhi. Mchana akaweka mbao ndani ya shimo, kila upande. Hakumwachia nyoka kazi yote. Wewe shimo lenu lilikuwa na mbao?"

Jioni hiyo, langoni mwa ploti, Mwelu alimsimulia Nyakio neno kwa neno. Nyakio alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka Mhindi akwambie uchawi wake ni uchawi?" aliuliza.

"Basi kesho tufuatane, mama, nikachukue sufuria yangu niliyoiacha mjengoni. Ulione hilo shimo kwa macho yako. Halina hata ubao mmoja."

Wakaenda. Lakini Mwelu alipofika ukingoni, alirudi nyuma hatua moja. Shimo lilikuwa limechimbwa upya, refu kuliko la kwanza, na kila upande kulikuwa na mbao. Mbao nene, nyeupe, bado zinanuka utomvu, zimekazwa kwa magogo kutoka ukuta hadi ukuta. Chini kabisa alikuwa Maina, aliyekuwa akichimba pamoja na Kiragu.

Nyakio akainama. "Hizi zilikuwepo mwanangu akiwa humo?"

Maina alitazama kwanza upande wa ofisi ya mabati ya kontrakta.

"Hapana, mama. Lori lilizileta siku ya mazishi."

Nyakio aliketi juu ya lundo la udongo na nguo yake ya kanisani.

"Siku ile kontrakta alikuwa ananihubiria nyoka," alisema. "Na mimi nikamshukuru kwa jeneza."

Mwelu alikwenda kuchukua sufuria yake. Aliporudi, Nyakio alikuwa amesimama, akashika mkono mmoja wa sufuria, wakaibeba pamoja hadi barabarani.

"Kui anakuulizia kila asubuhi," alisema bila kumtazama. "Nimekuwa nikimdanganya umeenda kumnunulia viatu."

Mwelu akanyoosha mkono kusimamisha matatu.

"Leo utalala kwangu," Nyakio alisema. "Na pete yako."