Tanuri Linalozima kwa Hesabu ya Nne

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bakhita alibonyeza swichi ya tanuri lake la gesi kwa mara ya tatu, akaanza kuhesabu. Cheche zilisikika. Moto wa buluu ukashika chini ya bamba. Moja, mbili, tatu, nne. Ukazima. Taa nyekundu ikawaka pembeni, maana yake tanuri limechoka kujaribu.

Alifunga mtungi nje, akarudi jikoni, akafungua daftari lake na kuandika: "Cheche zipo. Moto unashika. Hesabu ya nne unazima. Mtungi wa juzi, umejaa. Umeme upo. Mara ya nne tangu Oktoba."

Kisha akazifunika kwa kitambaa boflo thelathini zilizokwisha kuumuka, akazipeleka nyumba ya pili kwa Buthaina, ambaye jiko lake lilikuwa na nafasi ya boflo sita kwa wakati mmoja. Kazi ya saa moja ilimchukua mpaka karibu adhuhuri.

Bakhita alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Miaka ishirini na minne aliitumia katika chumba cha mafaili cha zahanati, akipanga majina ya wagonjwa, na hakuwahi kupoteza faili. Alipostaafu, alinunua tanuri lililotumika, la milango miwili, akaliweka katika jiko la nyuma la nyumba yao ya Mawaleh, Muscat, karibu na soko la mboga. Alitaka kuoka boflo na mkate wa kumimina kama alivyofundishwa na mama yake, Bi Rahila, ambaye naye alijifunzia Unguja. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kazi aliyoichagua mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya kaka yake, Yaqoob, anayeishi Qurayyat. Yaqoob hakulipenda tanuri tangu siku ya kwanza, kwa sababu mama alikuwa na miaka sabini na tisa na jiko lilikuwa hatua chache kutoka chumba chake. Lilipozima mara ya tatu alisema waziwazi: "Bakhita, gesi si kitu cha kubahatisha. Likigoma tena, nnakuja na pikapu, nnaliondoa."

Sasa lilikuwa limegoma tena, na Bakhita hakuwa mtu wa kuficha. Alimpigia simu.

"Khalas, imekwisha," alisema Yaqoob. "Ijumaa baada ya sala."

Fundi Safwan alifika alasiri kutoka Ruwi. Alikuwa kijana wa Mombasa, mwenye maneno mengi na mkoba mdogo.

"Bi Bakhita, mimi na hili tanuri tutaoana mwaka huu," alisema akifungua kifuniko cha chini. "Waona hiki kijiti? Hiki ndicho mlinzi. Moto ukiwaka, yeye auhisi, aacha gesi ipite. Akishika uchafu hahisi kitu. Adhani gesi yatoka bure, afunga. Ahesabu nne, afunga."

"Kwa hiyo halijaharibika."

"Lakufanyia wema. Lingekuwa bovu, lingeacha gesi ijae jikoni."

Alikisugua kijiti kwa msasa laini, akakifuta kwa kitambaa cheupe. Moto uliwaka, ukabaki. Bakhita alihesabu mpaka sitini.

"Matanuri mengine unayasafisha mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka. Mengine miaka miwili."

"Na hili mara nne kwa miezi miwili. Uchafu unatoka wapi?"

Safwan alicheka. "Hapo waniuliza swali la daktari, mimi ni mpiga sindano."

"Basi niachie kitambaa hicho."

Alipoondoka, Bakhita aliketi na daftari. Alikuwa anaandika kila kitu: aina ya unga, siku ya kubadilisha mtungi, joto la nje, nani kaja, kasema nini. Alijaribu unga kwanza. Haukuoana na tarehe. Akajaribu vumbi la upepo. Halikuoana. Mtungi haukuoana. Alipofika safu ya wageni, kalamu ilisimama. Kila tanuri lilipogoma, siku moja kabla alikuwa amekuja mtu. Mke wa imamu: "Tanuri kama la hoteli." Binamu kutoka Ruwi: "Wewe sasa tajiri." Mwanamke wa kununua mikate: "Mikate inatoka kama dhahabu." Na jana Jumatatu Buthaina mwenyewe, aliyesimama mlangoni akilishangaa.

Aliandika: "Macho ya watu?" Akaitazama alama ya kuuliza kwa muda. Jicho la mtu, hata liwe baya vipi, haliachi uchafu wa kahawia. Alikichukua kitambaa cha Safwan, akakinusa.

Udi. Si udi wa dukani. Ulikuwa na sukari iliyoungua na mawaridi, udi anaoupika mama yake mwenyewe. Nyumba nzima ilinukia hivyo kila siku, ndiyo maana hakuna aliyewahi kujiuliza.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda kwa Buthaina.

"Njoo saa tisa ulisifu tanuri langu mbele ya mama. Lakini usiseme mashaallah."

"Astaghfirullah! Nitasifu kitu bila mashaallah mbele ya Bi Rahila? Atanitoa kwa mwiko."

"Sema moyoni, basi. Mdomoni usiseme."

Saa tisa Buthaina alisimama katikati ya jiko, mkono kifuani. "Lo, Bakhita! Tanuri kubwa hivi, linang'aa hivi! Muscat nzima hakuna. Mimi usiku silali, nnaliwaza."

Bi Rahila, aliyekuwa kwenye kiti chake akichambua mchele, aliinua uso. "Hulali?"

"Silali, bibi."

"Mwambie mumeo akupeleke hospitali," alisema Bi Rahila, akaendelea na mchele.

Buthaina akatoka mbio, mtandio mdomoni. Bakhita alisema anapeleka mikate, akafunga mtungi nje kama kawaida yake, akajifanya anaondoka. Alisimama uani, upande wa dirisha.

Hazikupita dakika kumi. Mama yake alitoka chumbani na chetezo, makaa yakiwa mekundu, akatembea polepole mpaka jikoni. Alifungua mlango wa chini wa tanuri, akatia donge la udi kwenye makaa, akakiingiza chetezo ndani, akafunga mlango. Kisha akaweka kiganja juu ya bati la tanuri, kama anayempapasa mtoto mwenye homa, midomo ikisoma.

Bakhita aliingia.

"Mama."

Bi Rahila hakushtuka. "Umerudi upesi."

"Tangu lini unalifukiza?"

"Tangu watu walipoanza kulisema. Wanaingia hapa, wanasifu, hata mashaallah hawasemi. Na kila wakishasifu linazima. Wewe unaandika, unaandika, huoni? Mie nnalikinga, mwanangu, na bado linazima. Macho makali hayo."

Bakhita alikitoa chetezo kwa kitambaa kinene, akakipeleka uani. Aliporudi alipiga magoti, akafungua kifuniko cha chini kama alivyomwona Safwan akifanya. Kijiti kilichokuwa kinang'aa Jumanne kilikuwa kimeshikwa na utando wa kahawia. Alikifuta kwa kidole, akamnyooshea mama yake.

Bi Rahila alinusa kidole cha bintiye. Akanusa tena.

"Udi wangu," alisema.

"Ndio, mama. Kijiti hiki kikipata udi hakihisi moto."

"Basi mie ndio niliyelizima."

"Ulikuwa unalikinga."

"Usinibembeleze. Mie ndio niliyelizima, na mwanangu anakuja na pikapu kesho." Aliketi. "Na makaa ndani ya tanuri la gesi. Yaqoob akijua?"

Makaa hayo ndiyo yaliyomtia Bakhita baridi pia. Alishukuru kwamba hakuwahi hata siku moja kuondoka bila kufunga mtungi. "Makaa yasiingie tena jiko hili, mama. Hilo nakuomba."

"Hayaingii. N'shasema."

Bakhita alikisugua kijiti mwenyewe, kwa msasa.

Ijumaa baada ya sala pikapu ilisimama mlangoni. Yaqoob aliingia moja kwa moja jikoni, kamba begani.

"Kaka, niruhusu niliwashe mara moja," alisema Bakhita. "Chanzo nimekijua, na hakitarudi."

"Chanzo gani?"

Kabla Bakhita hajajibu, sauti ya mama ilitoka kwenye kiti. "Mie. Nilikuwa nikilifukiza ndani kwa makaa. Nimeacha. Sasa tua kamba, ukae."

Yaqoob alimtazama mama, akamtazama dada. Bakhita alimpa daftari, ukurasa wa tarehe na wageni, naye akausoma wote akiwa amesimama. Kisha akatoka, akakagua bomba la gesi kutoka mtungini mpaka ukutani, akarudi.

"Washa."

Cheche. Moto wa buluu. Wote watatu walihesabu, Bi Rahila kwa sauti. Nne. Tano. Sita. Walipofika thelathini Yaqoob alitua kamba sakafuni.

Boflo zilitoka baada ya robo saa. Alikula ya kwanza kavu, ya pili kwa siagi.

"Bekari zote za Qurayyat hawawezi hii," alisema, mdomo umejaa. "Tanuri hili lina kazi. Mwezi ujao nitaleta mtu ajenge ukuta baina yake na chumba cha mama."

Bi Rahila alimkodolea macho, akingoja neno moja ambalo halikuja. Akainuka, akachukua chetezo chake, akaenda nacho uani, mbali na jiko.

"We Yaqoob!"

"Labeka, mama."

"Njoo hapa kwenye moshi. Inua kanzu."

"Mie? Kwa nini mie?"

"Tanuri siligusi tena, nimeahidi," alisema Bi Rahila, akitia donge la udi kwenye makaa. "Basi nitalifukiza hilo jicho lako."