Mfuko wa Kitenge

Wiki iliyopita nilitoa transfoma kwenye maikrowevu iliyokufa, hapa kibandani kwangu Pasiansi, kando ya ziwa, na kabla sijawasha chochote mkono wangu wa kushoto ukajiingiza mfukoni. Nikaona haya, rafiki yangu, mtu mzima, peke yangu.

Zamani ufuko huu ulinuka dagaa. Bibi aliwaanika mchangani, nasi wajukuu wanne tukafukuza kunguru huku tukitafuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Wazazi walikuwa wametutoka, na mimi, mkubwa, nilikuwa nimeacha shule. Tumaini langu lilikuwa fundi redio, jirani yetu: aliahidi kunipokea kibandani kwake siku nitakayopima transfoma bila kumtia wasiwasi.

Transfoma ya maikrowevu, alituambia mimi na vijana wake wa kibandani, inaua upesi kuliko umeme wa ukutani, kwa hiyo upande wake unaotoa umeme mkali hatukuugusa kabisa. Nyaya zilifungwa plagi ikiwa nje. Umeme ulipitia kwanza kwenye balbu: ikiwaka hafifu, transfoma ni nzima, ikiwaka kwa nguvu, imeungua ndani. Na anayewasha sharti mkono wa kushoto uwe mfukoni. "Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule," alisema, "umepita moyoni."

Siku yangu ikafika, nikasimama mbele ya swichi.

"Mkono mfukoni," akasema fundi.

Nikapapasa ubavu wa kaptura kama mtu aliyepoteza kitu.

"Hana mfuko huyo," akasema mdogo wangu wa kike, mchembe mdomoni. "Bibi kauhamishia matakoni."

Ni kweli, bibi alikuwa amekata mifuko yote apate viraka vya nyuma. Vijana wa kibandani wakacheka, fundi naye akacheka, kisha akachomoa plagi. "Bila mfuko hatuwashi. Nenda, utarudi."

Nilirudi kwa kunguru wangu. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kumweleza bibi kila kitu. Bibi aligeuza dagaa muda mrefu bila kuniangalia. "Nilidhani mfuko ni wa mwenye cha kutia," akasema.

Asubuhi nilikuta kaptura ina mfuko wa kushoto, wa maua mekundu na ya njano. Niliyajua maua yale. Yalikuwa ya kitenge chake cha kanisani, na hakuwa na kingine. Siku hiyo niliwasha swichi; transfoma ikavuma kama nyuki, balbu ikawaka kwa wekundu hafifu, fundi akaniambia nije kesho. Lakini Jumapili nilimwona bibi ameikunja kona iliyokatwa ya kitenge kwa ndani, akiibana kwa kiwiko wimbo mzima, nami nikashindwa kuinua macho.

Sasa pale penye mchanga wa dagaa pamejengwa ukuta, na fundi alihama. Koti langu la kazi lina mifuko minne. Bibi tulimzika na kitenge kile. Mdogo wangu ndiye aliyemvalisha, na ile kona aliikunja kwa ndani.